Mfuko Usio na Mdomo

Bweni la wavulana, chumba cha mwisho
2 Februari

Bibi,

Kabla ya salamu naomba nitue mzigo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si mchungaji, wala huyu ninayelala naye chumba kimoja. Sijawahi kuomba kwa sauti mbele ya watu. Hata mara moja. Nyumbani ulikuwa unaniambia, "Mume wangu, tuombee chakula," nami nakohoa mpaka unachoka na kuomba mwenyewe. Ulidhani ni kifua. Si kifua, ni woga.

Sasa salamu. Shikamoo, mke wangu. Mwili wangu mzima, masomo ya kuandika nayaweza, ya kusimama na kusema yananiweza. Mama ameniambia paa la jikoni limezibwa, nimefurahi. Simu yako nimeacha kuipiga. Inaita kama kengele ya shule na hakuna anayepokea, ndiyo maana naandika.

Habari yenyewe ni hii. Chuoni kwetu kila mwanafunzi anachagua huduma ya kujitolea. Wapo wanaokwenda gerezani, wanaofundisha watoto kusoma, wanaokwenda hospitali ya macho iliyo nyuma ya uwanja wetu. Likizo ndefu ikifika, Kamati ya Huduma na Misheni inapeleka kikosi mahali pa mbali kwa wiki nzima. Inaitwa huduma ya hiari, lakini asiyechagua anaitwa ofisini.

Katika ibada ya kuwekwa wakfu kwa vikosi, mchungaji wa chuo alizungusha macho, yakanidondokea mimi. "Kijana wa shati jeupe, tufungie kwa sala." Kanisa zima likafumba macho. Nikasimama nikayasubiri maneno. Hayakuja, Bibi, hata salamu hayakutuma. Mwishowe nikasema, "Amina," nikakaa.

Tangu siku hiyo jina langu ni Amina. "Amina, nipishe!" "Amina, umeshachana nywele?" Wasichana wa darasa letu wananiita dada.

Shati lenyewe ndilo hili ulilonishonea. Mabega yamekaa, kola imesimama. Ila mfuko wa kifuani umeushona pande zote nne. Hauna mdomo. Nimechomeka kalamu mbele ya darasa, ikateleza mpaka sakafuni. Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Spika kwa kuwa sauti yake haina mahali pa kupunguzia, anasema huo ni mfuko wa kuwekea hazina ya mbinguni. Ulikusudia?

Nasikia viatu vyake koridoni. Barua inaingia chini ya godoro.

Mjukuu wako


Nyumbani
27 Februari

Mume wangu mwenye kifua,

Marahaba. Barua yako imefika imekunjamana kana kwamba mtu ameilalia. Sisi wazima. Mama yako amehamishiwa zamu ya mchana, sasa usiku tunaonana na tunagombana kama zamani, namshukuru Mungu. Mjomba wako aliahidi kuja kurekebisha mlango, ahadi hiyo imeota ndevu. Kina mama wa kwaya wamenipa vitambaa vya sare zao, rangi ya zambarau. Kiburi watakachokuwa nacho Jumapili hiyo hakitaenea kanisani.

Kwa hiyo haikuwa kifua! Na tangawizi yote ile niliyokunywesha, ukimeza huku machozi yanakutoka? Pole sana. Lakini usijidharau. Babu yako alipokuja kuniposa hakufungua mdomo tangu mwanzo mpaka mwisho. Shangazi yake ndiye aliyesema yote, nikaingiwa na hofu kwamba naolewa na shangazi. Akawa mume mwema kuliko wasemaji wote wa mtaa huu. Nakushauri uchague huduma isiyohitaji mdomo. Penye Wakristo wengi vikombe vya kuosha havikosekani.

Kuhusu mfuko, huo ni mtindo. Mfuko ulio wazi unakaribisha wezi. Kati yangu na wewe fundi ni nani? Vaa, unyamaze. Kunyamaza si unakuweza?

Naishia hapa, jua limehama mlangoni.

Bibi yako, mkeo wa kwanza


Bweni
22 Machi

Mke wangu wa kwanza, na kwa sura hii labda wa mwisho,

Shikamoo. Wasalimie wote, mjomba msalimie na ndevu za ahadi yake. Huku mvua zimeanza, nguo za bweni zima zinakauka juu ya kitanda cha Spika maana kiko dirishani. Analalamika, wote tunamsikia, hata wa chuo cha jirani.

Nilifuata ushauri wako. Nimechagua hospitali ya macho, kuosha vikombe vya wodi kila Ijumaa baada ya vipindi. Spika naye alikuja huko, yeye kwa kuhubiri. Alihubiri wodini mpaka dereva mmoja wa malori aliyetoka kupasuliwa akasema, "Kijana, mimi nimefungwa jicho. Masikio yanasikia." Wakamhamishia gerezani. Yaani kwenye kikosi cha gerezani, usishtuke.

Sasa sikiliza maajabu. Wagonjwa hao hupasuliwa mtoto wa jicho asubuhi. Jioni jicho moja liko chini ya bandeji, na la pili kwa wengi wao bado limejaa ukungu. Nilikuwa napita na vikombe, dereva yule akauliza, "Nani huyo anayetembea kama anadaiwa? Hebu nisomee gazeti, mpira uliishaje?" Nikaangalia nyuma, hakuna mwingine. Nikasoma. Akagombana na refa kupitia kwangu. Kitanda cha pili wakataka matangazo ya vifo, cha tatu wakataka Maandiko. Kabla sijaondoka bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, tuombee." Nikafungua mdomo nikaomba! Maneno yalikuja yenyewe, mengine sikuyajua kama ninayo.

Nimejua sababu. Hawanioni, Bibi. Mtu asiyeniona simwogopi. Wananiita Sauti. Bandeji hufunguliwa Jumamosi asubuhi, na Jumamosi mimi siko. Huo ndio mpango wangu, na ninaona ni mzuri.

Jambo moja tu. Nesi anatufundisha dalili. Anasema mtu hukaa akifuata jua, akiingia ndani haoni. Namba za simu zinampotea. Akiwa mshonaji, sindano ndiyo inayomsema kwanza. Bibi, siku hizi nani anakutungia uzi?

Nimezuia mlango kwa kiti ili nimalize kuandika.

Sauti (ni mimi)


Nyumbani
4 Mei

Mume wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilinibana. Anayeandika ni jirani yetu, mke wa fundi viatu. Mkono wangu una baridi yabisi kidogo, hakuna la zaidi.

(Kaka, mkono wake hauna baridi yabisi wala joto yabisi. Jana amenitupia kiatu kwa mkono huohuo. Akanikosa, ila ni kwa sababu hakuniona.)

Mama yako mzima. Paa limeanza kuvuja upande mwingine. Nimefurahi sana kwamba umeomba. Nilimwambia kila mtu pale dukani, hata wasiotaka kusikia. Lakini mpango wako wa kukimbia Jumamosi siupendi. Utawaombea watu gizani maisha yako yote? Wewe ni popo?

Swali lako la sindano silielewi. Sindano natunga mwenyewe, tangu mama yako hajazaliwa.

(Ameenda kuchungulia sufuria, naandika upesi. Natunga mimi. Kila asubuhi kabla sijafungua banda nazitunga nyingi na kuzipanga kwenye pazia, yeye anazichukua kwa kupapasa. Sare za kwaya zilipotoka, moja ilikuwa na mikono imeshonwa kwenye shingo. Kina mama wakazichukua kimyakimya wakapeleka kwa fundi mwingine. Hawakusema neno, na hilo ndilo lililomuumiza. Cherehani ameifunika shuka. Mama yako hajui, anaambiwa ni mapumziko. Amerudi.)

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Soma kwa bidii.

Bibi yako, akiwa na macho yake mawili


Bweni
18 Mei

Bibi,

Shikamoo. Msalimie mama, na mke wa fundi viatu umwambie mwandiko wake ni mzuri. Mtihani wa kwanza nimefaulu. Spika amerudi kutoka gerezani ameshika adabu, sasa anauliza kabla ya kuhubiri.

Nina mambo mawili, la kwanza la aibu.

Jumamosi moja nilikuwa nakatiza uwanjani, nesi akanishika, "Amina, niletee viti wodini." Nikaleta, sikukumbuka siku. Mara bandeji zinafunguliwa. Dereva yuleyule alikuwa amerudi kwa jicho la pili. Likafunguliwa, akapepesa, akatazama dari, akatazama mikono yake mbele na nyuma kama mtu anayekagua mali, akasema, "Sasa nionyesheni Sauti." Mimi nimeshajibana nyuma ya mlango wa chumba cha mifagio. Nesi akaniuliza kwa nguvu, "Viti vimetosha?" Kwa mazoea nikajibu, "Vimetosha!" Wodi nzima ikageuka. Dereva akaja akavuta mlango.

"Kumbe ni katoto!" akasema. "Mimi nilikuwa namwona mzee wa kanisa, ana tumbo."

Walicheka, nami nikacheka. Walikuwa wananitazama wote, Bibi, kwa macho mapya kabisa, na sikufa.

La pili utanikasirikia. Juzi ulikuwa mkutano wa kuchagua mahali pa misheni ya likizo. Safari hii madaktari wa macho wanakwenda pamoja na kikosi. Anayetaka kupendekeza mahali anapita mbele kanisani na kujieleza. Wakubwa wetu walipendekeza mji wenye nyumba nzuri za wageni. Mwingine akataja mahali penye milima, nadhani kwa ajili ya kamera yake. Walikuwa wanakaribia kupiga kura. Nikajikuta nimesimama.

"Amina anataka kufunga!" mtu akapiga kelele. Kicheko.

Nilianza kwa lugha ya darasani. Ikanikatikia njiani kama uzi mbovu. Nikahamia lugha hii ninayokuandikia. Nikamwita Spika mbele, nikamwambia, "Weka kalamu yako kwenye mfuko wangu." Akaweka, ikaanguka. Wakacheka tena. Nikangoja wamalize.

Nikasema, "Aliyeshona shati hili ni bibi yangu. Watoto wa mtaa wetu, na wazazi wao, wamevaa sare za shule kutoka mikononi mwake. Sasa haoni mdomo wa mfuko. Hataki mtu ajue, kwa hiyo hospitali haendi. Kwetu wako wengine wanaopapasa hivyohivyo na kusema ni mtindo. Hao hawatatufuata. Tuwafuate sisi."

Nikakaa. Sikusema amina, nilisahau.  Halafu kanisa zima likaisema, "Amina!" Nilishtuka nikidhani wananiita. Hawakuwa wananiita, Bibi.

Kura ilipigwa. Tunakuja mwanzoni mwa Julai, tutapiga hema na kupanga mabenchi pale shule ya msingi. Ninachokuomba ni kimoja tu, uje ukae kwenye benchi.

Mjukuu wako


Nyumbani
9 Juni

Wewe,

Salamu hakuna. Mama yako hajambo, hilo unalipata bure.

Umenivua nguo kanisani! Mbele ya wachungaji! Kwa kalamu! Nilikuambia vaa unyamaze, wewe ukavaa ukahubiri. Miaka yote nangoja uongee, na siku ulipoongea umenisema mimi.

(Anaandikisha amesimama. Hajawahi kusimama akiniandikisha barua.)

Waje hao madaktari, nitawapikia, sina ugomvi nao. Kwenye benchi lao sikai. Babu yako aliingia hospitali kwa miguu yake, kofia kichwani, kwa jambo dogo tu kama walivyosema. Akanipa kofia mlangoni nimshikie. Ndiyo niliyorudi nayo. Iko kwenye msumari juu ya kitanda changu mpaka leo, siihitaji ya pili. Kuona kidogo na kuwa hai kunanitosha.

Usinijibu.

Bibi

(Kaka, mjibu. Baada ya kuniandikisha maneno haya ameniuliza gauni lake la kanisani liko wapi. Nikamuuliza la nini. Akasema la kuwapikia madaktari. Nani anapika na gauni la kanisani?)


Bweni
16 Juni

Bibi,

Shikamoo. Nakujibu.

Habari ya kofia sikuijua. Niliiona juu ya kitanda chako tangu nikiwa mdogo nikadhani ni pambo. Nimekaa na barua yako muda mrefu kabla ya kushika kalamu. Nesi nilipomuuliza hakuniambia hakuna hatari. Alisema jicho hupasuliwa mtu akiwa macho, anaongea, na wengi hutoka wakilalamikia chai. Mimi sina la kukuapia juu ya hapo.

Kwa hiyo njoo nayo. Njoo na kofia ya babu. Mlangoni utanipa mimi niishike. Sitaiweka chini, sitaivaa, sitaondoka. Utatoka, utaidai, nitakupa. Safari hii anayetoka achukue kofia yake mwenyewe.

Mumeo


Nyumbani
11 Agosti

Mume wangu kipenzi,

Marahaba, tena marahaba. Mama yako mzima, amenenepa, sikujua mpaka nilipomwona. Mjomba wako amekuja kurekebisha mlango, na mvi alizonazo hakuna aliyeniambia. Mke wa fundi viatu ameleta supu ili ajue nakuandikia nini. Nimeikunja karatasi upande wake. Naandika mwenyewe, ndani, jua likiwa upande wa pili wa nyumba.

Nasikia umeeleza chuoni habari zangu, na kwamba nililia. Sikulia. Zile ni dawa za matone. Kwa kuwa unasimulia vibaya, nakupa habari kamili.

Pale mlangoni sikutaka kuiachia kofia. Ulivuta, nikavuta, nesi akadhani tunaigombea. Nilipolala mle ndani na kitambaa usoni, daktari akasema, "Bibi, tulia." Mimi nilikuwa nimetulia, kitanda ndicho kilichotetemeka. Hapo nikakusikia nje ya hema. Ulikuwa unaniombea, kwa sauti, na benchi zima la watu wenye macho yao wakikutazama mdomoni! Nikasubiri kikohozi. Hakikuja. Ukamwambia Mungu jina langu, kazi yangu, na ukali wangu pia, hilo hatujalizungumza. Nikamwambia daktari, "Yule ni mume wangu." Akaniambia nisicheke, ana kisu mkononi.

Nilitoka, nikadai kofia, ukanipa. Ilikuwa imeloa jasho la mikono yako. Babu yako asingekasirika.

Asubuhi wakafungua bandeji. Kitu cha kwanza kilichonijia machoni ni kifua cha mtu, shati jeupe, na mfuko umeshonwa pande zote kama kidonda. Nikauliza, "Nani kakushonea takataka hii?" Ukasema, "Wewe, Bibi." Mabenchi yote yalicheka, na mimi nikacheka, na matone ya dawa yakazidi. Ulilivaa makusudi, mjanja mkubwa wewe!

Shuka nimeifunua cherehani. Kwa miwani waliyonipa, sindano natunga mwenyewe. Namtungia hata mke wa fundi viatu, kwa kumkomoa. Kina mama wa kwaya wamekuja kwa aibu na sare za yule fundi mwingine, zimeachia mabegani. Nimewapokea. Nimewaambia safari hii mikono itakaa kwenye mabega, Mungu akipenda.

Nakuletea shati jipya, mfuko wake una mdomo. Lile la zamani lirudishe nilifumue, linaniaibisha.

Mkeo anayeona


Bweni
2 Septemba

Mke wangu anayeona,

Shikamoo. Nimefurahi mlango umepona. Shati limefika, kalamu imekaa, Spika ameijaribu mara kadhaa kwa wivu. Dereva wa malori amepita hospitali kutusalimu, alikuja akiendesha mwenyewe. Alipiga honi tangu mbali ili tujue.

La zamani silirudishi. Samahani, fundi. Jumapili ilikuwa ibada ya kufunga mwaka wa huduma, vikosi vyote vimejaa kanisani, na mchungaji wa chuo akasimama akazungusha macho. Bibi, sikungoja yadondoke. Niliinua mkono. Nilipita mbele nimevaa lile lenye mfuko usio na mdomo, nikawaangalia, nikaomba. Niliwaombea wa gerezani, wa wodini, watoto wanaojifunza kusoma, mabenchi ya shule ya msingi na waliokaa juu yake. Niliomba mpaka watu wakaanza kubadilisha miguu. Spika aliniambia baadaye nijifunze kufupisha. Spika, Bibi! Aliniambia mimi!

Bado wananiita Amina. Sasa naitika.

Nasikia viatu koridoni. Ni vyake, navijua, anatembea kama anavyoongea. Zamani barua hii ingekuwa imeshafika chini ya godoro. Iko mezani, taa inaiwakia, na kiti nimekitoa mlangoni. Ameingia. Anauliza naandika nini, nimemwambia asome mwenyewe. Anasoma begani kwangu, midomo inamchezacheza. Amefika pale pa kufupisha, amecheka mpaka ukuta wa jirani umegongwa.

Anataka kukusalimu. Nimempa kalamu.

SHIKAMOO BIBI. MIMI NDIYE SPIKA. NAOMBA SHATI NAMI. MFUKO USHONE PANDE ZOTE NNE.